Sanaa ya Wainuit

Sanaa ya Wainuit ni jumla ya kazi za uchongaji, uchoraji, uchapaji wa picha, ushonaji, filamu na nyinginezo zinazofanywa na Wainuit, yaani wenyeji wa Aktiki wanaoishi Greenland, kaskazini mwa Kanada na kaskazini mwa Alaska nchini Marekani. Makala hii inahusu hasa sanaa ya Wainuit wa Kanada, ambao kwa sensa ya mwaka 2021 ni watu takriban 70,000.

Nje ya Aktiki, sanaa hiyo inajulikana zaidi kwa sanamu za mawe zinazoonyesha dubu, sili, wawindaji na akina mama wenye watoto. Watazamaji wengi huzidhania kuwa ni mabaki ya utamaduni wa kale usiobadilika. Kwa kweli, sehemu kubwa ya kazi hizo imetengenezwa baada ya mwaka 1948, katika miaka ileile ambayo Wainuit walilazimika kuacha maisha ya kuhamahama, kuingia vijijini na kutegemea fedha. Anayechonga mwindaji na chusa yake mara nyingi alikuwa anakumbuka maisha aliyoyaishi mwenyewe na kuyaona yakipotea. Kwa hiyo ni vigumu kuielewa sanaa hiyo bila kujua historia ya watu walioifanya na jinsi wao wenyewe wanavyoieleza.

Jina

Neno "Inuit" katika lugha ya Kiinuktitut lina maana ya "watu". Lenyewe liko katika wingi. Mtu mmoja huitwa "Inuk". Kwa Kiswahili husemwa Wainuit na Mwinuit. Jina "Eskimo", lililotumiwa zamani na Wazungu, linakataliwa na Wainuit wengi kwa kuwa walipewa na watu wengine na limebeba dharau. Bado linaonekana katika vitabu vya zamani na katika majina ya baadhi ya taasisi za sanaa.

Kiinuktitut hakikuwa na neno moja lenye maana ya "sanaa" kama inavyoeleweka Ulaya. Neno linalotumika siku hizi kwa uchongaji ni "sananguaq", ambalo limetokana na shina "sana-", yaani kutengeneza au kufanya kazi, pamoja na kiambishi "-nguaq" kinachoonyesha mfano wa kitu. Maana yake ni karibu na "kutengeneza mfano mdogo wa kitu". Kufanana kwa shina hilo na neno la Kiswahili "sanaa", lililotoka katika Kiarabu, kumetokea kwa bahati tu.

Maana hiyo inasaidia kuelewa mtazamo wa Wainuit. Ustadi wa mikono ulithaminiwa sana, lakini haukutengwa na kazi nyingine. Chusa iliyochongwa vizuri, buti zisizopitisha maji na sanamu ndogo ya dubu vilikuwa vyote kazi ya mtu anayejua kutengeneza vitu.

Historia ya kale

Utamaduni wa Dorset

Watu wa kwanza walifika katika Aktiki ya Kanada takriban miaka 4,500 iliyopita. Kuanzia takriban mwaka 500 KK hadi baada ya mwaka 1000 BK eneo hilo lilikaliwa na watu ambao wanaakiolojia wanawaita watu wa utamaduni wa Dorset. Masimulizi ya Wainuit yanawaita Tuniit na kuwaeleza kuwa watu wenye nguvu nyingi lakini wenye haya, waliokuwepo kabla ya Wainuit.

Watu wa Dorset walichonga sanamu ndogo sana, nyingi zikiwa na urefu wa sentimita chache tu, kwa pembe za walrasi, pembe za kulungu wa Aktiki na mbao zilizoletwa na mawimbi. Miongoni mwake kuna dubu wanaoonekana kama wanaelea au kuruka, huku mistari iliyokwaruzwa mwilini ikionyesha mifupa. Wataalamu wengi wanazihusisha na ibada na shughuli za waganga. Karibu na Kisiwa cha Bylot yamepatikana pia mavazi ya uso ya mbao kutoka utamaduni huo.

Utamaduni wa Thule

Mababu wa moja kwa moja wa Wainuit wa leo ni watu wa utamaduni wa Thule. Walitoka Alaska na kuenea kuelekea mashariki hadi Greenland kati ya karne ya 11 na ya 13 hivi. Walikuwa wawindaji hodari wa nyangumi, wakitumia mashua za ngozi, vigari vilivyovutwa na mbwa na keekee ya upinde ya kutobolea matundu.

Sanaa yao ilionekana hasa katika vifaa vya kila siku: vitana, vikopo vya sindano, miwani ya kuzuia mng'ao wa theluji na vichwa vya chusa, vilivyopambwa kwa mistari na nukta. Walichonga pia sanamu ndogo za ndege na wanawake. Vitu hivyo vilikuwa vidogo kwa sababu watu waliohama kila msimu hawakuweza kubeba mizigo mizito.

Kukutana na Wazungu

Mwingereza Martin Frobisher alifika Kisiwa cha Baffin mwaka 1576. Mawasiliano yalikuwa machache hadi wamisionari wa Moravian walipofungua kituo chao Nain, Labrador, mwaka 1771, na wawindaji wa nyangumi kutoka Ulaya na Marekani walipoanza kukaa Aktiki kwa miezi mingi katika karne ya 19. Wainuit waliwauzia vinyago vidogo vya pembe za walrasi, mifano ya kayaki na vigari, wakipata sindano, visu, bunduki na chai. Kutengeneza vitu vya kuwauzia wageni, basi, hakukuanza katika karne ya 20.

Wageni walileta pia magonjwa yaliyoua watu wengi. Wamisionari walipiga vita waganga, waliojulikana kama "angakkuq", pamoja na ngoma na michoro ya ngozi ya wanawake. Kufikia katikati ya karne ya 20 karibu Wainuit wote wa Kanada walikuwa Wakristo. Jambo hilo ni muhimu katika kutazama sanamu za waganga na mizimu zilizochongwa baadaye: wengi wa wachongaji walikuwa Waanglikana au Wakatoliki waliosimulia imani ya wazazi na mababu wao, na wengine walikataa kabisa kuchonga mambo hayo.

Kuzaliwa kwa sanaa ya kisasa

Katika miaka ya 1920 familia nyingi zilitegemea kuuza ngozi za mbweha wa Aktiki. Bei yake ilianguka katika miaka ya 1930 na tena mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika eneo la bara magharibi mwa Hori ya Hudson, kulungu wa Aktiki walipungua au kubadilisha njia zao, na watu walikufa njaa.

Mwaka 1948 msanii James Houston kutoka kusini mwa Kanada alitembelea Inukjuak, kwenye pwani ya mashariki ya Hori ya Hudson, akapewa sanamu ndogo ya jiwe. Alirudi kusini na vinyago kadhaa na kupata msaada wa chama cha kazi za mikono cha mjini Montreal, kisha wa serikali. Maonyesho yaliyofanyika Montreal mwaka 1949 yaliuza vinyago vyote kwa siku chache, na mwaka 1953 kazi za Wainuit zilionyeshwa London.

Serikali ya Kanada iliunga mkono uchongaji kwa sababu zake. Ilitaka Wainuit wapate kipato badala ya kutegemea misaada. Tena sanamu hizo ziliipa nchi alama ya pekee ya kujitambulisha, na zilitolewa kama zawadi rasmi kwa wageni wa kigeni. Mwaka 1951 Houston alitoa kijitabu chenye michoro ya vitu ambavyo wanunuzi wa kusini wangevipenda. Kijitabu hicho kililaumiwa baadaye kwa kuwaelekeza wachongaji, na kiliachwa. Kinaonyesha wazi kwamba tangu mwanzo wanunuzi walichangia kuamua ni nini kingeitwa sanaa "halisi" ya Wainuit.

Wainuit nao walikuwa na sababu zao. Kuchonga kulimwezesha mtu kununua risasi, chai na turubai bila kuacha uwindaji. Pia kulikuwa njia ya kuhifadhi kumbukumbu wakati maisha yenyewe yalikuwa yanabadilika kwa kasi.

Miaka ya misukosuko

Miongo ya kwanza ya sanaa hiyo ya kisasa iliambatana na matukio ambayo mara nyingi hayaonekani katika sanamu zenyewe:

- Kuanzia miaka ya 1940 serikali iliwapa Wainuit namba zilizoandikwa kwenye vibati vya kuvaa, kwa kuwa maofisa hawakuweza kufuata majina yao. Chini ya sanamu nyingi za zamani kuna namba hiyo mahali pa sahihi. Utaratibu huo uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.
- Katika miaka ya 1953 na 1955 familia kutoka Inukjuak na Pond Inlet zilihamishiwa Resolute na Grise Fiord, mbali sana kaskazini, ambako kuna giza kwa miezi kadhaa wakati wa baridi. Serikali iliomba radhi mwaka 2010. Sanamu za ukumbusho katika vijiji hivyo viwili zilichongwa na Simeonie Amagoalik na Looty Pijamini.
- Kifua kikuu kilienea sana. Kufikia mwaka 1956 takriban Mwinuit 1 kati ya 7 alikuwa katika hospitali za kusini, mara nyingi kwa miaka kadhaa. Baadhi hawakurudi tena, na familia zao hazikuambiwa walizikwa wapi. Katika hospitali ya Hamilton, Ontario, wagonjwa walichonga sanamu ili kupata fedha na kupitisha muda.
- Watoto walipelekwa katika shule za bweni ambako walikatazwa kutumia lugha yao.
- Katika miaka ya 1950 na 1960 mbwa wengi wa kuvuta vigari waliuawa, wengi wao na polisi, na wawindaji wakabaki bila usafiri. Serikali iliwaomba radhi Wainuit wa eneo la Qikiqtani mwaka 2019.

Vyama vya ushirika na uchapaji wa picha

Mwishoni mwa miaka ya 1950 uchapaji wa picha ulianzishwa Kinngait, kijiji cha Kisiwa cha Baffin kilichoitwa rasmi Cape Dorset hadi mwaka 2020. Houston alikwenda Japani kujifunza mbinu za uchapaji kwa mbao kutoka kwa msanii Un'ichi Hiratsuka, kisha mbinu hizo zikabadilishwa kulingana na mahali. Kwa kuwa Aktiki haina miti, wachapaji walitumia mabamba ya jiwe. Msanii alichora picha kwenye karatasi. Mtaalamu mwingine aliichonga kwenye jiwe, akapaka wino na kuipiga chapa, kwa kawaida nakala 50. Michapo ya kwanza ya mwaka ilitolewa mwaka 1959, na imeendelea kutolewa tangu hapo.

Mwaka huohuo chama cha ushirika cha Kinngait kiliandikishwa. Wanachama wake ni Wainuit wenyewe, na mapato ya sanaa yalisaidia kuendesha duka na huduma nyingine za kijiji. Vyama vya namna hiyo vilifuata katika vijiji vingine, kama vile Puvirnituq, Ulukhaktok, Baker Lake na Pangnirtung.

Msanii mashuhuri zaidi wa Kinngait ni Kenojuak Ashevak (1927–2013). Kwa miaka mitatu hivi alilazwa katika hospitali ya mjini Quebec kwa sababu ya kifua kikuu, na huko alijifunza kutengeneza wanasesere na kazi za shanga. Mchapo wake wa mwaka 1960 wa bundi mwenye manyoya yanayotoka kama miale unajulikana kwa jina la Kiingereza The Enchanted Owl, yaani bundi mwenye nguvu ya uchawi. Ulitumika kwenye stempu ya Kanada mwaka 1970, na mwaka 2018 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola za Kanada 216,000.

Majina ya michapo mara nyingi yalitolewa na watu wa kusini kwa ajili ya soko, na waandishi wengi walitafuta ndani yake siri za waganga. Kenojuak mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba nia yake ilikuwa kutengeneza kitu kizuri, akianza na mstari mmoja na kuufuata hadi karatasi nzima ipendeze.

Vifaa na tofauti za mahali

Sanaa ya Wainuit haina mtindo mmoja. Tofauti nyingi zinatokana na vifaa vinavyopatikana karibu na kila kijiji.

- Kinngait kuna jiwe la kijani, aina ya sepentini, ambalo linashika umbo jembamba na kung'arishwa. Hivyo wachongaji wake wanajulikana kwa ndege wenye mabawa membamba na dubu wanaocheza ngoma kwa mguu mmoja.
- Arviat kuna jiwe la kijivu lililo gumu sana. Lucy Tasseor Tutsweetok, John Pangnark na Andy Miki waliondoa sehemu ndogo tu ya jiwe. Katika kazi za Tasseor, nyuso kadhaa hutokeza pembeni mwa jiwe ambalo karibu halijaguswa, zikionyesha mama na watoto wake au familia nzima.
- Taloyoak, Karoo Ashevak (1940–1974) alitumia mifupa ya nyangumi iliyokauka kwa miaka mingi. Alichonga mizimu yenye macho yasiyolingana na vinywa wazi, mara nyingi kwa ucheshi.
- Baker Lake, kijiji kilicho mbali na bahari, wanawake walijulikana kwa mapambo ya ukutani yaliyoshonwa kwa vipande vya kitambaa cha sufu. Jessie Oonark (1906–1985), aliyefika kijijini baada ya kunusurika njaa, alitumia maumbo ya nguo, nyuso na "ulu", kisu cha wanawake chenye umbo la nusu mwezi. Kazi yake moja kubwa imetundikwa katika kituo cha taifa cha sanaa mjini Ottawa.

Jiwe la sabuni, lililo laini kama lile linalochongwa Kisii nchini Kenya, lilitumiwa zamani kwa taa za mafuta ya sili na vyungu. Wachongaji hutumia shoka, patasi na tupa, na siku hizi hasa mashine za umeme. Kwa kuwa vumbi la jiwe linadhuru mapafu, kazi hiyo hufanyika nje ya nyumba, hata katika baridi kali.

Vizazi vitatu vya familia moja

Mabadiliko ya historia yanaonekana wazi katika kazi za wanawake watatu wa Kinngait: mama, binti na mjukuu.

Pitseolak Ashoona (takriban 1904–1983) alikulia katika kambi za uwindaji. Mume wake alifariki akamwachia watoto wadogo, nao walipata kuonja njaa. Alianza kushona nguo za kuuza, kisha akaanza kuchora aliposikia kwamba michoro inalipiwa. Alichora maelfu ya picha za maisha ya zamani: safari za kiangazi, mahema ya ngozi, michezo, wanawake waliobeba watoto. Kitabu cha masimulizi yake kilitolewa mwaka 1971 kwa Kiinuktitut na Kiingereza. Picha zake zina furaha nyingi, ingawa maisha yake yalikuwa na shida kubwa. Alichagua kuwaachia wajukuu wake uzuri wa maisha hayo.

Binti yake, Napachie Pootoogook (1938–2002), aliendelea kuchora maisha ya kambini, lakini katika miaka yake ya mwisho alichora pia yale yaliyonyamaziwa: njaa, wanawake waliolazimishwa kuolewa, ukatili wa wanaume. Michoro yake huwa na maelezo marefu kwa Kiinuktitut. Inakanusha fikra kwamba maisha ya zamani yalikuwa ya amani tupu.

Mjukuu, Annie Pootoogook (1969–2016), hakuishi kambini. Alichora nyumba za serikali zenye televisheni na saa ukutani, familia iliyoketi sakafuni ikila nyama ya sili, foleni ya duka la ushirika, ulevi na mwanamume anayempiga mwanamke. Mwanzoni baadhi ya wafanyabiashara waliona kwamba picha kama hizo hazitanunuliwa. Mwaka 2006 alishinda tuzo ya Sobey, mojawapo ya tuzo kubwa za sanaa nchini Kanada, na mwaka uliofuata kazi zake zilionyeshwa katika maonyesho ya Documenta nchini Ujerumani. Alifariki mjini Ottawa akiwa na umri wa miaka 47.

Wote watatu walichora maisha waliyoyajua. Ikiwa picha za Pitseolak zinaitwa "za jadi" na za Annie "za kisasa", tofauti iko katika maisha yenyewe, kwani njia ilikuwa ileile.

Mtazamo wa Wainuit

Kumbukumbu

Kazi nyingi zinazoonekana kuwa za jumla zinahusu tukio au mtu fulani. Joe Talirunili wa Puvirnituq (alifariki 1976) alichonga mara nyingi mashua ya ngozi iliyojaa watu wanaopiga makasia. Tukio hilo lilitokea kweli alipokuwa mtoto: kundi la familia lilikwama kwenye barafu iliyokatika, likaunda mashua kwa vipande vya mbao na ngozi na kuokoka. Katika baadhi ya sanamu hizo alitaja majina ya waliokuwemo. Asiyejua habari hiyo huona mashua. Jamaa zao huona wazazi na mababu.

Mavazi na vifaa

Mtazamaji Mwinuit hutambua mambo ambayo mgeni huyapita. Mkato wa "amauti", koti la mwanamke lenye mfuko mgongoni wa kubebea mtoto, huonyesha eneo alikotoka. Namna kamba ya chusa inavyoshikwa huonyesha ni mnyama gani anayewindwa na kama mchongaji anaijua kazi hiyo. Sanamu yenye makosa katika mambo hayo inaweza kupendwa na mnunuzi wa kusini na kuchekwa kijijini.

Wanyama

Wainuit waliishi kwa kuwinda, na mnyama alihesabiwa kuwa na roho inayostahili heshima. Kulikuwa na desturi ya kumtilia sili aliyeuawa maji matamu mdomoni, kwa kuwa kiumbe wa maji ya chumvi ana kiu. Sanamu za mtu anayegeuka dubu au ndege zinatokana na imani kwamba mpaka kati ya binadamu na wanyama si mgumu. Mwanamke mwenye mkia wa samaki ni mama wa bahari, aitwaye Sedna, Nuliajuk au Taleelayu kufuatana na eneo. Masimulizi yanasema vidole vyake vilikatwa vikawa sili, walrasi na nyangumi. Watu wakivunja miiko yeye huwazuia wanyama, na mganga hulazimika kushuka kumchana nywele, kwa kuwa hana vidole.

Inuksuk

"Inuksuk" ni rundo la mawe lililopangwa ili kuonyesha njia, mahali pa kuwinda au pa kuhifadhi chakula. Rundo lenye umbo la mtu huitwa "inunnguaq", yaani mfano wa mtu. Nembo ya michezo ya Olimpiki ya Vancouver ya mwaka 2010 ilitumia umbo hilo la pili, na wengi nje ya Aktiki huyachanganya mawili hayo.

Mambo mapya

Pudlo Pudlat (1916–1992), aliyezaliwa katika maisha ya kambini, alichora ndege za abiria na helikopta pamoja na ng'ombe-maski na walrasi. Baadhi ya wanunuzi waliona kwamba ndege hizo zinaharibu sanaa ya jadi. Kwake zilikuwa sehemu ya nchi yake, kwani ndizo zilizoleta barua na kuchukua wagonjwa. Mwaka 1990 alikuwa Mwinuit wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake katika jumba la taifa la sanaa la Kanada.

Greenland na Labrador

Nchini Greenland, Aron wa Kangeq (1822–1869), mwindaji aliyelazwa kitandani kwa kifua kikuu, alichora kwa rangi za maji masimulizi ya mapambano ya mababu zake na Wanorse. Mashariki mwa Greenland zilitengenezwa ramani za mbao zilizochongwa kufuata mikunjo ya pwani. Huko pia kulikuwa na "tupilak", kiumbe kilichoundwa kwa siri kwa mifupa na ngozi ili kumdhuru adui. Baada ya Wazungu kutaka kuona kinavyofanana, watu walianza kuchonga mifano yake, na leo huuzwa kwa watalii.

Wainuit wa Labrador walikosa programu za serikali zilizosaidia wengine, kwa kuwa Newfoundland na Labrador ilipojiunga na Kanada mwaka 1949 mkataba haukuwataja. Hawakuruhusiwa kutumia alama rasmi ya sanaa ya Wainuit kwa miongo mingi. Maonyesho makubwa ya kwanza ya kazi zao, SakKijâjuk, yaliandaliwa mwaka 2016 na Heather Igloliorte, mtaalamu wa sanaa anayetoka huko.

Soko na haki

Mafanikio ya soko yalileta bidhaa za kughushi, hasa sanamu za plastiki zilizotengenezwa viwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ilianzisha alama yenye picha ya nyumba ya barafu ili kuthibitisha kazi halisi. Mwaka 2017 alama hiyo ilikabidhiwa kwa Inuit Art Foundation, na hivyo si maofisa wa serikali tena wanaoamua.

Sheria za nje pia zimewaathiri wasanii. Marekani ilizuia bidhaa za wanyama wa baharini kutoka nje mwaka 1972, na Jumuiya ya Ulaya ilizuia ngozi za watoto wa sili mwaka 1983. Soko la ngozi za sili likaanguka, ingawa Wainuit hawakuwa walengwa. Sheria za baadhi ya majimbo ya Marekani dhidi ya biashara ya pembe za tembo zimegusa pia pembe za walrasi, ambaye huwindwa kwa chakula.

Utafiti uliofanywa kwa ajili ya serikali ulikadiria kwamba mwaka 2015 sanaa ya Wainuit iliingiza takriban dola za Kanada milioni 87 katika uchumi wa nchi. Hata hivyo, maisha vijijini ni ghali sana. Kwa wengi, mauzo ya sanamu ndiyo yanayolipia petroli na risasi za kwenda kuwinda. Bei za minadani, ambako kazi za zamani huuzwa tena, kwa kawaida hazimfikii msanii wala familia yake.

Hali ya sasa

Eneo la Nunavut, ambako Wainuit ndio wengi, liliundwa tarehe 1 Aprili 1999. Mwaka 2001 filamu Atanarjuat ya Zacharias Kunuk kutoka Igloolik, filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kwa Kiinuktitut, ilishinda tuzo ya Caméra d'Or mjini Cannes. Kundi lake, Isuma, liliwakilisha Kanada katika maonyesho ya Venisi mwaka 2019. Mwaka 2022 Shuvinai Ashoona, mjukuu mwingine wa Pitseolak, alitajwa kwa heshima katika maonyesho hayohayo. Wanawake vijana wamefufua michoro ya ngozi iliyokatazwa na wamisionari.

Mwaka 2021 jengo la Qaumajuq lilifunguliwa mjini Winnipeg likiwa na takriban kazi 14,000 za Wainuit. Jina lake, lililotolewa na wazee, lina maana ya "kuna mwanga". Maonyesho yake ya kwanza yaliandaliwa na Wainuit wanne. Kwa zaidi ya miaka 70 walioandika majina ya kazi, kuchagua zipi zionyeshwe na kueleza maana zake walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa kusini. Sasa kazi hiyo inazidi kufanywa na Wainuit wenyewe.